Je, Uzinzi ni Dhambi Isiyosameheka?



Liko swali ambalo makatekista huulizwa mara kwa mara, hasa baada ya Injili ya Marko 3:20-35 kusomwa kanisani. Humo Yesu anasema kwamba iko dhambi moja isiyo na msamaha hata milele, nayo ni kumkufuru Roho Mtakatifu. Watu wakishatoka Misani, kila mmoja huyachukua maneno hayo na kuyapeleka nyumbani kwake. Mume aliyekuwa na mwanamke wa nje hujiambia moyoni kwamba dhambi hiyo ndiyo yake. Basi huacha kupokea sakramenti, halafu huacha na Misa yenyewe. Naye mke aliyekosewa hupata silaha: "Ikiwa hata Mungu hasamehi, sembuse mimi?" Na kwa kuwa wako pia wake walioanguka na waume waliokosewa, haya ninayoandika ni ya pande zote mbili.

Tuanze na Injili yenyewe. Waandishi walishuka kutoka Yerusalemu wakazikuta kazi za Yesu, jinsi alivyowatoa watu pepo. Hawakuweza kuzikana, maana zilikuwa wazi. Badala yake wakasema anazifanya kwa nguvu za Beelzebuli. Hapo ndipo Yesu alipowaonya. Kwanza aliwahakikishia kwamba dhambi zote za wanadamu, pamoja na kufuru zao, zaweza kusamehewa. Kisha akaitaja ile moja. Wengi wetu hushika sehemu ya pili, na ya kwanza hutupita. Tena Marko, katika aya ya 30, anatoa sababu ya onyo hilo: ni kwa vile walisema Yesu ana pepo mchafu. Uzinzi hautajwi hapo, wala wizi, wala uuaji.

Kwa nini basi dhambi hiyo haisamehewi? Si kwamba huruma ya Mungu imefika mwisho. Fikirini mgonjwa wa malaria aliyeletewa dawa. Akimtukana muuguzi kwa ukali wa homa, bado atatibiwa. Lakini akisema muuguzi huyo ni mchawi na dawa yake ni sumu, akafunga mlango na kukataa kumeza, atakufa. Hatakufa kwa sababu dawa ilikuwa dhaifu. Ndivyo walivyofanya wale waandishi: Roho Mtakatifu ndiye anayetuletea toba na msamaha, nao wakamwita shetani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1864, inafundisha kwamba huruma ya Mungu haina mpaka, ila anayekataa kwa makusudi kuipokea kwa njia ya toba anaukataa msamaha wenyewe. Papa Yohane Paulo II alieleza vivyo hivyo katika waraka wake wa mwaka 1986 kuhusu Roho Mtakatifu.

Msidhani kwamba suala hili la uzinzi ni jipya. Mwanzoni mwa karne ya 3, huko Karthago, katika nchi ambayo leo huitwa Tunisia, Tertuliano aliandika kitabu kizima kumpinga askofu aliyetangaza kwamba waliozini wakifanya kitubio watasamehewa. Tertuliano alikuwa mwandishi hodari, lakini wakati huo alikuwa amejiunga na kundi kali la Montano, naye alishikilia kwamba Kanisa lisiwaondolee watu hao dhambi yao. Mwaka 250 Kaisari Desio aliwalazimisha watu kutolea miungu ya Roma sadaka, na Wakristo wengi kwa hofu wakaikana imani. Baadaye walirudi wakilia. Novasiano, padre wa Roma, akasema wasipokelewe tena kamwe, na mwaka 251 akajiweka kuwa askofu dhidi ya Papa Kornelio. Papa, akiungwa mkono na Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago, alishikilia kwamba anayetubu kwa kweli arudishwe baada ya kufanya kitubio. Kitubio chenyewe hakikuwa rahisi, kiliweza kuchukua miaka. Lakini mlango haukufungwa. Na Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, uliwataka wafuasi wa Novasiano waliopenda kurudi wakubali kushirikiana na hao walioanguka.

Basi yeyote anayesema, "Dhambi hii ya mume wangu haina toba," au, "Dhambi yangu haina toba," ajue kwamba wazo hilo lilishapimwa na Kanisa zamani, likakataliwa.

Sasa niseme na wewe uliyeanguka. Hofu uliyo nayo si dalili ya kwamba umemkufuru Roho Mtakatifu. Ni dalili ya kwamba Roho huyo bado anabisha hodi. Aliyeufunga moyo wake kabisa haulizi maswali kama yako, wala hakosi usingizi. Mfalme Daudi alizini na mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani (2 Samweli 11-12). Nabii Nathani alipomkabili, Daudi hakumwita Nathani mwongo. Alikiri, na Mungu alimsamehe. Petro alimkana Bwana mara tatu, akatoka nje akalia, na machozi hayo yalimrudisha. Mtakatifu Augustino aliishi miaka mingi na mwanamke bila ndoa kabla ya kubatizwa mwaka 387. Ndiye huyo aliyefundisha baadaye, akiwa askofu wa Hipo, kwamba dhambi isiyosameheka ni moyo unaokataa kutubu mpaka kufa.

Nenda basi kwa padre ukaungame. Usiogope kwamba habari itafika kijijini. Padre amefungwa kabisa na siri ya maungamo. Lakini ungama kwa ukweli. Kata uhusiano ule, pamoja na laini ya simu unayoificha. Kama kuna mtoto aliyezaliwa nje, ana haki ya kutunzwa, maana hakukosa kitu. Na usimdai mwenzako akuamini kuanzia kesho asubuhi. Msamaha wa Mungu hupatikana siku unapotubu, lakini imani ya mwenzako ni kama nyumba iliyoungua: hujengwa upya, tofali kwa tofali.

Nawe uliyekosewa, sikuambii kwamba maumivu yako ni madogo. Kanisa halisemi hivyo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1152, zinamsihi aliyekosewa asimnyime msamaha mwenzi aliyezini, kwa ajili ya upendo wa Kikristu na mema ya familia. Lakini kanuni hiyo hiyo inakiri kwamba, kama hajasamehe wala hakuchangia kosa hilo, anayo haki ya kutengana naye, ingawa kifungo cha ndoa hubaki. Na kanuni ya 1153 inaruhusu kutengana pale ambapo mwenzi anahatarisha sana roho au mwili wa mwenziwe au wa watoto. Kwa hiyo mama anayepigwa asiambiwe kwamba kusamehe ni kurudi kupigwa. Vilevile, kwenda nyote wawili kupimwa virusi vya Ukimwi kabla ya kurudiana si kukosa msamaha. Ni kulinda uhai ambao Mungu amewapa.

Kusamehe ni nini basi? Ni kukataa kulipiza kisasi. Ni kuacha kuwatangazia watoto, wakwe na wanachama wenzako makosa ya mwenzako. Ni kumwombea apone, hata kama bado unaumia. Kama huwezi leo, anza kwa kumwomba Mungu akupe hamu ya kuweza. Tafuta ushauri wa padre, au wa wasimamizi wenu wa ndoa kama ni watu wa kutunza siri. Lakini usimfungie mwenzako mlango ambao Mungu ameuacha wazi.

Iko hatari upande wa pili, nayo tusiifiche. Wako wanaosikia kwamba uzinzi husamehewa, wakafurahi, wakasema, "Nitatubu nikizeeka." Mafundisho ya zamani ya Kanisa yanataja dhambi sita dhidi ya Roho Mtakatifu. Mojawapo ni kukata tamaa ya kuokoka, na nyingine ni kutazamia wokovu bila kutaka kuacha dhambi. Hao wawili ni ndugu. Moyo haufungwi siku moja. Leo mtu hucheka mke wake anapomwomba aache. Kesho humwambia kwamba anatumwa na shetani kuvunja furaha yake. Kesho kutwa padre naye huwa adui, na Misa huwa kazi ya wanawake. Mtu akishafika mahali pa kuita wema ubaya, yuko katika njia ile ile ya waandishi wa Yerusalemu. Ageuke mapema, maana hakuna aliyeahidiwa uzee.

Wapendwa, jioni ya leo, watoto wakishalala, kila mmoja wenu ajiulize peke yake: Ni jambo gani katika nyumba hii nimeamua kwamba haliwezi kusamehewa? Ni lako au la mwenzako? Jambo hilo lipelekeni kwenye sala, na msicheleweshe kulipeleka kwenye kiti cha maungamo. Dhambi isiyosameheka ni ile tunayokataa Mungu asiiguse. Nyingine zote, hata ile mnayoionea haya kuitaja, zina dawa.

Mungu azibariki nyumba zenu.