NOELI NA THAMANI YA MTU



Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana wetu imekaribia. Waimbaji wanafanya mazoezi kila jioni, vijana wanatafuta makuti ya kupambia kanisa, na akina mama wameanza kuulizana bei ya mchele. Hayo yote ni mema. Lakini kabla hatujapiga magoti mbele ya hori, yafaa tujiulize swali moja: Mtu ana thamani gani, na ni nani aipimaye?

Swali hili si geni kwetu Waanglikana wa Afrika Mashariki. Kule Mkunazini, Unguja, palikuwa na soko la watumwa. Mtu alisimamishwa, akakaguliwa meno na mikono, kisha akatajiwa bei. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko hilo. Mwaka ule ule, siku ya Noeli, liliwekwa pale pale jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi, na siku ya Noeli ya mwaka 1877 ibada ya kwanza ikafanyika humo, hali jengo lenyewe bado halijakamilika.

Tukitafakari, twaona kuwa hakuna siku iliyofaa kuliko hiyo. Mahali pale mwili wa mtu ulitiwa bei. Na siku ya Noeli twakiri kwamba Mungu mwenyewe alitwaa mwili. Tena Mtume Paulo awafundisha Wafilipi kwamba Bwana hakuchagua hali ya mfalme wala ya tajiri, bali hali ya mtumwa. Basi tangu hapo, kila amdharauye mtumishi amdharau mtu ambaye Mungu hakuona haya kufanana naye.

Lakini tusiishie kujivunia historia. Soko lilifungwa 1873, bali hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria ya Unguja mpaka 1897. Hata hapo masuria waliachwa nje ya amri ile, wakangoja hadi 1909. Angalieni, ndugu: waliokumbukwa mwisho ni wanawake waliokuwa ndani ya nyumba, mbali na macho ya watu.

Na sisi je? Katika nyumba zetu nyingi yumo binti wa kazi. Huamka saa kumi usiku, huwasha moto, huogesha watoto, hufua na kupika. Asubuhi ya Noeli twatoka kwenda Misa na nguo mpya, naye twamwachia sufuria ya pilau. Tukirudi tumeimba habari za Mungu aliyejifanya mtumishi, mtumishi wetu hula wa mwisho, jikoni, peke yake.

Wengine watasema, "Huyu si mtumwa, tumepatana mshahara." Ni kweli, na heri yake yule anayelipwa kwa haki na kwa wakati wake. Lakini mshahara hununua kazi, haumnunui mtu. Heshima yake, usingizi wake na sala zake havikuwamo katika mapatano. Tukidhani kwamba kwa kuwa tumemlipa basi na sikukuu yake ni mali yetu, tumefungua soko dogo ndani ya nyumba iliyobarikiwa na padre.

Wengine watauliza, "Sasa nani atapika?" Jibu twalipata kwa wachungaji wa Bethlehemu. Hao walikuwa kazini usiku ule, wala malaika hakungoja wamalize zamu. Aliwaita wao kwanza, wakaenda. Basi nasi tugawane kazi. Baba aweza kukuna nazi, na vijana wa kiume waweza kuteka maji. Wenye Misa mbili, ya usiku na ya asubuhi, na wapokezane. Chakula kikichelewa kwa saa moja, hakuna atakayekufa njaa.

Na kama binti huyo ni Mwislamu, au hana dini, tusimlazimishe kwenda kanisani. Tumpe mapumziko, tumsaidie kupeleka salamu kwao, kisha tumkaribishe kuketi nasi kwenye chakula. Tumwite kwa jina lake alilopewa na wazazi wake.

Hori tutakalolipamba mwaka huu halina faida ikiwa jikoni mwetu mna mtu asiye na nafasi. Bwana alikosa nafasi katika nyumba ya wageni. Tusimnyime tena kwa kumnyima mmoja wa wadogo wake. Tukimwona Kristo katika yule atuteleaye maji, hapo tutakuwa tumeifahamu Noeli.

Mungu Baba, aliyetupa Mwanawe bila kutudai bei, azibariki nyumba zenu na wote wakaao ndani yake. Twawatakia Noeli yenye heri na amani.