Huo Nao ni Mkaja

Mjukuu wangu, jana uliponionyesha ile nguo ya kubana tumbo waliyokupa kliniki, imelegea kiunoni kama kanga kuukuu, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Huo si mkaja tu, mwanangu, ila umeuziwa kwa riali? Sisi Unguja mzazi akikandwa kwa maji ya moto na kufungwa mkaja mpaka atoke arubaini. Aliyekuja kukanda alikuwa na ujira wake, mbali na wa mkunga. Akikanda siku tatu akapotea, bibi yangu hakusema, "Basi, mtoto si kazaliwa salama?" Alimfuata mpaka mlangoni kwake.

Daktari kakupunguza tumbo vizuri, mshono nimeuona. Ulichokosa ni kuuguzwa. Risiti yako imeandika riali 180 mbali na za upasuaji: kukandwa mara sita, kubadilishwa bandeji, kuonana na daktari kila wiki. Umekandwa mara mbili, daktari hujamwona tena, na msichana wa mapokezi kila ukipiga simu anakwambia utapoa. Hizo ndizo pesa za kudai. Ukienda kudai zote, watakutolea picha zako za kabla na baada, utoke hapo umeduwaa.

Mwili kwanza lakini. Ukishikwa na homa, au mshono ukivimba na kuwa mwekundu, usiwangoje wao. Twende hospitali ya Khoula. Na ripoti ya daktari wa huko iweke.

Kisha andika barua, kwa Kiarabu. Mjomba wako ataipitia. Taja tarehe, ulicholipa, ulichopewa, kilichobaki. Meseji za WhatsApp usifute hata moja. Wasipojibu, iko milango miwili na watu huichanganya. Huduma iliyolipiwa isitolewe, peleka Himayat al-Mustahlik, mamlaka ya kulinda walaji hapa Oman, iliyoundwa 2011; sheria yake ya 2014 inagusa huduma kama inavyogusa bidhaa. Kosa la kitabibu ni la Wizara ya Afya, na huko madaktari wenyewe ndio wanaokaa kulipima. Wewe mlango wako ni ule wa kwanza.

Najua kinachokuzuia. Waona haya, mtaa mzima wa Al Khuwair usije ukajua kuwa umepunguzwa tumbo. Haya hiyo nao wanaijua, na wanaitegemea. Mimi ulilofanya sikulipenda, nilikwambia, na hata leo silipendi. Lakini kutopenda kwangu si punguzo la bei yao.

Watakuita: njoo tukurekebishie bure, tia saini hapa tu. Usitie. Isome karatasi yote, hasa yale maandishi madogo ya chini. Humo ndimo wanamoandika kuwa huna dai tena.

Kesho baada ya alasiri nakuja. Faili nilikute mezani, na ile risiti yenye muhuri wa buluu usiikunje.