Jiwe Liitwalo Mombasa

Kati ya Mirihi na Mshtarii, mahali ambapo jicho letu halioni kitu ila weusi wa usiku, Muumba ametandaza mkanda wa mawe, makubwa kwa madogo, kila moja na njia yake, kila moja na mwendo wake. Wanaastronomia huyaita asteroidi. Yaliyokwisha kutambuliwa yamepita milioni moja, na katika jeshi hilo kubwa limo moja ambalo sisi wa mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, hatuwezi kulisikia likitajwa tukabaki vile vile: Mombasa, namba 1428.

Lugha tunayosalimiana nayo katika mitaa hii ilipanda kutoka pwani kwa miguu, msafara nyuma ya msafara, ikafika Ujiji, ikaambaa na ziwa hadi Usumbura ya wazee wetu. Nani angedhani kwamba majina ya pwani hiyo hiyo yangepanda tena, safari hii hadi mbinguni?

Aliyeliona jiwe hilo ni Cyril Jackson, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Afrika Kusini, katika kituo cha kutazamia nyota cha Union, Johannesburg, tarehe 5 Julai 1937. Siku tatu kabla yake alikuwa ameliona jingine, nalo likaja kuitwa Pemba. Julai kule ni baridi kavu na mbingu hutakata. Kwetu ni kiangazi, na juu ya Ziwa Tanganyika mawingu huwa machache. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi, lakini jiwe hili halionekani asubuhi wala jioni kwa macho matupu. Ilibidi kioo cha picha kielekezwe juu kwa muda mrefu, mwanga ukiingia punje kwa punje, maana haba na haba hujaza kibaba. Kisha picha za nyakati tofauti zilinganishwe. Nyota zote zilikuwa zimetulia mahali pake. Nukta moja ilikuwa imesogea.

Tazama upole wa ishara yenyewe! Jiwe lenye upana wa zaidi ya kilomita 50 lilijitambulisha kwa kusogea kidogo tu juu ya kioo. Tena ni jeusi kama kaa la mkaa: mwanga wa jua unaolifikia huumeza karibu wote, na hicho kidogo linachorudisha ndicho kilichovuka umbali usiosemeka hadi Johannesburg. Mwenye kuliweka pale hakuhitaji ling'ae ili alijue lilipo.

Kuonwa mara moja hakutoshi. Jiwe hufuatiliwa mpaka njia yake ijulikane barabara, ndipo hupewa namba, na aliyeligundua hupata haki ya kupendekeza jina. Jackson aliigeukia Afrika: Kenya, Uganda, Ruvuma, hata Ruanda, jina la jirani yetu wa kaskazini, jiwe aliloliona Mei 1935. Mimi namshukuru kwa hilo. Angeweza kuwatafuta miungu wa Wagiriki, kama wengi walivyofanya kabla yake, lakini alichagua mito, visiwa na nchi ambazo watu wetu wanazitaja kila siku.

Na mgawanyo wenyewe una uzuri wake. Huku chini Mombasa ni kisiwa kidogo, mtu mwenye miguu mizuri hukizunguka kwa siku moja, na Pemba ndiyo kubwa, ndefu, yenye vilima na mikarafuu. Huko juu mambo yamepinduka: Mombasa ndilo jabali, na Pemba ni jiwe la kama kilomita 10 tu. Aliyenyimwa ukubwa baharini amekirimiwa mbinguni.

Mombasa hulizunguka jua kwa muda wa karibu miaka mitano, na tangu usiku ule wa 1937 limekwisha kulizunguka zaidi ya mara 18 bila kupotea njia. Pemba, ambalo njia yake ni fupi zaidi, hukamilisha mzunguko kwa miaka minne na kidogo. Hivyo hulipita Mombasa, likalizunguka jua mara kadhaa, likaja kulipita tena.