Shahada ya lishe kwa njia ya posta

Birmingham, jimboni Alabama, palikuwa na chuo ambacho wanafunzi walikifahamu zaidi kwa vifurushi vilivyowafikia nyumbani. Clayton College of Natural Health kilianzishwa mwaka 1980, na kati ya kozi zake ilikuwemo shahada ya kwanza ya lishe inayomtazama mtu mzima: mwili, akili na roho. Kwa mama anayefungua kitabu baada ya watoto kulala, ilikuwa neema.

Posta yenyewe haikuwa na kosa. Chuo Kikuu cha London kinatahini watu wa mbali tangu 1858. Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, bado mfungwa, na hakuna aliyehoji kama hiyo nayo ni sheria.

Kilichokosekana Clayton ni ithibati ya chombo kinachotambuliwa na serikali ya Marekani. Uingereza ililijua hilo kupitia Gillian McKeith, mtangazaji wa televisheni aliyekagua hata choo cha wageni wake, na ambaye udaktari wake wa falsafa ulitoka Clayton. Mwaka 2007, baada ya malalamiko kwa wasimamizi wa matangazo ya biashara, alikubali kuacha kujiita daktari katika matangazo yake. Naye Ben Goldacre, tabibu na mwandishi wa gazeti la Guardian, alilipa dola 60 akamwandikisha paka wake katika chama cha washauri wa lishe ambacho McKeith alikuwa mwanachama. Paka huyo, Henrietta, alikwishakufa. Cheti kilikuja vilevile.

Ni rahisi kucheka. Lakini chuo kilipofungwa mwaka 2010, walioachwa njiani ni watu waliolipa ada na kusoma kweli. Na mengi ya msingi katika somo hilo hayana ubishi: mboga kwa wingi, sukari kidogo, usingizi wa kutosha. Hospitali yoyote ingekwambia hayohayo.

Ugumu huanza anapoingia mgonjwa. Ndizi, maharage na mchicha, chakula chema kwa jirani mwenye afya, vina potasiamu nyingi. Figo zilizochoka zikishindwa kuitoa, moyo unaweza kusimama. Hilo limo vitabuni, ila kumuuliza mtu alikula nini jana huku majibu ya damu yako mezani hujifunzwa wodini, chini ya jicho la aliyetangulia. Ndiyo maana Marekani humtaka dayetishani mtarajiwa, yaani mtaalamu wa lishe ya wagonjwa, afanye mafunzo ya vitendo yasiyopungua saa 1,000, na tangu Januari 2024 awe pia na shahada ya uzamili kabla ya mtihani wa usajili.

Kenya ilitunga sheria ya wataalamu wa lishe mwaka 2007 na kuanzisha taasisi ya kuwasajili. Kwao McKeith, sheria hulinda jina la dayetishani tu. La mtaalamu wa lishe anaweza kulibandika mlangoni yeyote apendaye.