Valvu Isiyofunga ni ya Nani?

Wosha ya mfereji wa jikoni imeisha. Ni kampira kadogo, bei yake haifiki ya sahani ya chapati madondo, na fundi anaibadilisha kwa dakika chache. Lakini kwanza lazima afunge maji. Anashika getivalvu ya keja yako, anazungusha, inazunguka tu na maji bado yanakuja. Inabidi akafunge kule kwa tanki, na ploti nzima inakauka. Jirani mmoja ana nguo kwa sabuni, mwingine yuko bafuni na povu kichwani. Sasa, nani amewakosea hawa?

Jibu la haraka ni landilodi, na lina msingi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka anayekodisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu na vifaa vya pamoja. Anayepokea kodi ndiye wa kununua valvu.

Lakini kabla ya kununua, mtu lazima ajue imeharibika, na hapo ndipo pagumu. Ikiwa wazi, valvu mbovu na valvu nzima zinafanana kabisa. Ndani ya getivalvu kuna kabari inayoshuka kukata njia ya maji, ikisukumwa na kijiti chenye nyuzi. Ikikaa wazi miaka bila kuguswa, chokaa na kutu vinajaa pale kabari inapokalia, na siku ya kuifunga haifiki chini. Au kijiti kinakatika na mkono unazunguka bure. Ikivuja shingoni tu, mara nyingi kukaza nati ya pale kidogo kunatosha. Ikikataa kufunga, kawaida ni kubadilisha. Mafundi wengi siku hizi wanapendelea ile ya mkono wa robo mzunguko: mkono ukilala sambamba na bomba iko wazi, ukikingama imefungwa.

Kinga yenyewe ni rahisi: ifunge na uifungue mara moja au mbili kwa mwaka. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini Aristotle nilitoka naye. Yeye alisema mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu mara kwa mara. Nadhani fundi wa maji angemwelewa bila mhadhara.

Tuna methali ya kila mtu: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Shida yake ni kwamba inachukulia aliyeuona ufa ndiye mwenye ukuta. Sisi wapangaji wa Nairobi hatuko hapo. Mtu anauliza, mbona nitunze nyumba ya mwenyewe, na mwaka ujao anaweza kupandisha kodi? Si uvivu huo. Ni dhuluma kweli kumwomba mwenye kidogo awe na wema zaidi kuliko mwenye jengo.

Ndiyo maana nadhani tunachanganya majukumu mawili. Kulipa ni kwa landilodi. Kujua ni kwa yule anayeweza kuufikia mkono wa valvu, yaani wewe, na deni hilo unadaiwa na jirani. Maji ya mgao yakirudi saa nane usiku na bomba lako limepasuka, dari itakayolowa ni ya mtu wa chini, ambaye hana mkataba wowote na wewe.

Kwa hivyo ijaribu, mchana, keateka akiwepo. Iliyoganda usiilazimishe kwa spana, maana inaweza kuanza kuvuja papo hapo. Ikikataa, piga picha, andika kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti, mtumie landilodi, na uhifadhi ujumbe. Baada ya hapo hawezi kusema hakujua.

Na akinyamaza? Hapo sina jibu safi. Wapangaji wakichanga, amepata sadaka ambayo hakuistahili. Wakikataa kuchanga, anayeumia ni yule wa povu kichwani, na landilodi haogi kwenye ploti hiyo. Mimi ningechanga, nikijua si haki. Risiti ningempelekea yeye, kabla ya tarehe tano, tuongee kodi.