Kisu na Daftari la Hesabu

Je, tabibu ana haki ya kupiga hesabu ya fedha mbele ya maumivu? Wengi hujibu hapana hata kabla swali halijaisha. Mtu aliyebanwa mshipa wa fahamu kiunoni, asiyeweza kuketi wala kulala, anataka daktari, hataki mhasibu. Mimi nashikilia kwamba bingwa wa upasuaji wa uti wa mgongo anayejifunza uchumi wa afya anatimiza kiapo kilekile cha utabibu, kwa sababu kila kitanda, kila saa ya chumba cha upasuaji, anayopewa huyu ananyimwa mwingine aliye bado nje ya mlango.

Tutazame alichofanya James Weinstein, aliyekuwa bingwa wa uti wa mgongo huko Dartmouth, Marekani. Utafiti aliouongoza, uliochapishwa mwaka 2006, uliwagawa kwa kura wagonjwa 501 wa diski iliyochomoza: hawa wapasuliwe, hawa watibiwe bila kisu. Kura haikutiiwa. Katika miaka miwili, asilimia 60 tu ya waliopangiwa kisu ndio waliopasuliwa, na asilimia 45 ya wenzao wakaishia mezani pia. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na kwa jinsi walivyopangwa, tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Sioni ubaridi katika tarakimu hizo. Naona watu walioshindwa kuvumilia, na wengine ambao mgongo ulitulia wenyewe wakiwa bado wanasubiri zamu. Daktari mmoja katika chumba chake hawezi kuwasikia wote hao, daftari linawasikia.

Roboti ya upasuaji inalileta swali hilo la hesabu karibu zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walichapisha ulinganisho wa skrubu za mgongoni zilizofungwa kwa mkono na zilizoongozwa na roboti iitwayo SpineAssist. Kwa mkono, asilimia 93 zilikaa vizuri. Kwa roboti, asilimia 85. Yaelekea mrija wa kuongozea keekee uliteleza kwenye mteremko wa kiungo cha pingili, mfupa ukausukuma pembeni kidogo tu, na kidogo hicho kikatosha. Mtu atasema mashine za baadaye zimeboreka, na ni kweli. Lakini skrubu iliyonyooka kabisa ndani ya mgongo ambao haukuhitaji skrubu bado ni jeraha. Usahihi wa chombo haujatuambia kama mwenye mgongo ameweza tena kuinama kufunga viatu.

Pingamizi zito zaidi liko kwenye kipimo chenyewe cha hesabu hii. Wanauchumi huupa mwaka wa afya kamili thamani ya moja, na kifo sifuri. Huko Uingereza, kwa muda mrefu, tiba iliyogharimu zaidi ya pauni 20,000 hadi 30,000 kwa mwaka mmoja wa namna hiyo ilipata taabu kukubaliwa. Kwa kipimo hiki, kumrefushia maisha mtu mwenye ulemavu wa kudumu huonekana faida ndogo kuliko kumrefushia mzima. Hilo ni kosa la haki, wala silitetei. Ila tukiitupa hesabu, mgao hautakoma. Utafanywa gizani, na mwenye sauti kubwa au mfuko mzito atatangulia. Ndiyo maana nataka kalamu ya hesabu hiyo ishikwe na mtu ambaye asubuhi alimgeuza mgonjwa kitandani kwa mikono yake, akajua ni upande upi unaomuuma.