Mzigo wa Nani?

Mwenye lori wa kisa hiki simpi jina, kwa sababu wenzake ni wengi kati ya Ruti na Biharwe, jijini Mbarara. Alinunua kichwa na tela kwa mkopo wa benki, kisha akaenda kukata bima. Wakala alimwuliza, "Mzee, lori litabeba mzigo wako au mizigo ya watu kwa malipo?" Akamweleza kuwa hiyo ya pili ada yake ni kubwa zaidi. Mzee alikuwa na shamba la matoke Isingiro, na safari za mwanzo zilikuwa za matoke yake mwenyewe kwenda Kampala. "Andika wangu," akajibu. Akalipa, akapewa mkataba wa bima kubwa, akautia droo bila kuusoma.

Mahindi yakakomaa. Kule Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyopo tangu 1958, akina mama wa Kikongo walikusanya mahindi na maharage wayapeleke Kasindi, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe. "Papa, utatubebea?" Wakapatana nauli. Kila mama alitia alama magunia yake: huyu rangi nyekundu, yule kipande cha kitenge alichokifunga mdomoni mwa gunia.

Lori lilipita Ishaka usiku. Kwenye mteremko wa kushukia Katunguru breki zilipata moto zikakataa kushika, lori likamkumba mwendesha bodaboda, likabomoa duka la kando ya njia na kulala ubavu. Utingo alivunjika mguu. Kulipokucha, magunia mengi yalikuwa yamekwishachukuliwa.

Mthamini wa kampuni ya bima alifika, akapiga picha, akayatazama yale machache yaliyobaki na vitambaa vyake vya kitenge. Akawauliza akina mama waliokuja mbio kutoka Nakivale: mzigo huu ni wa nani? Wakajibu ukweli mtupu, huku wakilia, kwamba ni wao na nauli walilipa. Jibu hilo lilitosha kuliangusha dai la lori. Mkataba ulisema gari hubeba mali ya mwenyewe tu.

Mtaani watu walisema kampuni ni wezi. Mimi sioni hivyo. Lori la kukodishwa hulala barabarani, hubeba kila aina ya mzigo na hukimbizwa na wenye mali wanaotaka kuwahi soko; hatari yake ni nyingine, ndiyo maana na bei yake ni nyingine. Mzee alikuwa na nafasi ya kurudi kwa wakala, kusema kazi imebadilika, kulipa tofauti na kuandikiwa nyongeza ya mkataba kabla ya kupakia. Hakwenda.

Ilibaki stika ya kiooni, ile bima ya mtu wa tatu ambayo sheria ya Uganda ya 1989 inailazimisha kwa kila gari. Wengi huitegemea kupita kiasi. Sheria hiyo humhusu mtu aliyeumia au kufa, na kikomo ilichoweka ni shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali nzima. Duka lililobomoka halimo. Lori lenyewe halimo. Mwendesha bodaboda akipewa na mahakama fidia iliyo kubwa kuliko kikomo hicho, kinachozidi kinamwangukia mwenye gari. Kadi ya njano ya COMESA nayo, anayovukia dereva kwenda Kongo, Rwanda au Burundi, ni dhamana ya mtu wa tatu katika nchi ya ugenini. Haigusi lori lako wala gunia la mtu.

Gunia lina bima yake, ya mizigo iliyo safarini. Hata kama mkataba wa Mzee ungekuwa sahihi kabisa, ungemtengenezea lori na akina mama wangeondoka mikono mitupu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana wao hawakudanganya mtu, na jasho la msimu mzima lilikuwa ndani ya magunia yale.

Kwa hiyo mwenye mzigo naye aombe kuuona mkataba kabla ya gunia la kwanza kupandishwa. Atazame matumizi ya gari yaliyoandikwa, tarehe ya mwisho, namba ya kichwa na namba ya tela, kwa kuwa kwa watu wa bima hivyo ni vyombo viwili. Aulize kama mizigo ya wateja ina bima, mpaka kiasi gani, na kama inavuka Mpondwe. Haya si kumvunjia mtu heshima. Mwenye lori akikataa kuonyesha, magunia yabaki stoo hadi lipatikane lori jingine.